Ile nukta nyeusi kwenye TV yako huenda iliuawa makusudi kiwandani (uzi mrefu)

KiooKitupu (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salamu. Kila baada ya siku chache humu kuna mtu anaweka picha ya TV mpya yenye nukta nyeusi na kuuliza kama inatibika. Majibu huwa yale yale: sugua na kitambaa laini, cheza ile video ya kumetameta rangi usiku kucha, rudi dukani upige kelele. Nimechoka kuandika jibu moja vipande vipande, acha nimalizane nalo hapa.

Nilifanya kazi kwa muda kwenye kitengo cha ukarabati cha kiwanda kimoja cha paneli, yaani vioo vya picha vya TV na simu, kule China. Jina la kiwanda halina maana hapa. Kazi ilikuwa kukaa mbele ya skrini ya darubini, mkono kwenye kipanya, na kuelekeza leza. Nikija Nairobi likizo watu walidhani nafufua pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha. Kusema kweli nyingi nilikuwa nazizika. Kijinukta kikigoma kuzima, kiwanda hakihangaiki kukibembeleza. Kinakichoma kiwe cheusi milele, halafu paneli inaendelea na safari yake hadi maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa hivyo hiyo nukta unayoililia huenda ndiyo ukarabati wenyewe.

Anayeuliza "kwani hawawezi kutengeneza kioo kisicho na kosa?" aanze na hesabu. TV ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani 8,294,400. Pikseli moja ni vijinukta vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Jumla ni 24,883,200. Kwenye LCD, yaani paneli za fuwele kioevu, kila kimoja kina transista yake, swichi ndogo ya umeme, iliyochorwa juu ya kioo, na zote zinatakiwa zifanye kazi siku ya kwanza. Mwaka 1973 T. Peter Brody na wenzake wa Westinghouse, Marekani, walipochapisha habari za paneli yao ya inchi 6 kwa 6, ilikuwa na nukta 14,400. Kosa moja katika kila elfu lingewaachia nukta 14 mbovu. Kosa hilo hilo kwenye 4K ya leo ni karibu 24,900, na TV nzima ingeonekana kama imemwagiwa chumvi.

Nitaendelea posti ijayo, chai inapoa.

DadaWaUmoja

Subiri kwanza. Unaniambia TV niliyonunua mpya, kwenye katoni, na stika zake zote, ilikuwa imeshapitia kwa fundi?

KiooKitupu

Dada, ni mpya. Ilipitia kwa fundi kabla haijawa TV. Hata hiyo simu unayotumia kuniuliza, siwezi kukuapia kwamba paneli yake haikuguswa na leza. Kukarabati ni hatua ya kawaida kabisa ya uzalishaji, kama ilivyo kupima.

Tuendelee. Paneli hazitengenezwi moja moja. Kiwanda cha kizazi cha 8.5 (kizazi hutajwa kwa ukubwa wa kioo) hutumia kioo cha milimita 2200 kwa 2500, chenye unene wa nusu milimita hivi, na humo hukatwa TV sita za inchi 55. Kizazi cha 10.5 ni milimita 2940 kwa 3370, zinatoka nane za inchi 65. Juu ya kioo hicho yanapakwa matabaka: metali, kihami, silikoni, metali tena, kihami tena, na mwisho elektrodi inayopitisha mwanga. Kila tabaka linapakwa dawa inayohisi mwanga, linamulikwa kupitia kiolezo, kisha kisichotakiwa kinaliwa kwa kemikali au gesi. Kwa kawaida ni violezo vinne au vitano.

Sasa ingia vumbi. Chumba kinachujwa hewa usiku na mchana, watu wamejifunika mpaka macho tu, na bado chembe inapenya. Nyaya kwenye kioo zina upana wa mikromita chache, kwa hivyo chembe ambayo hungeiona hata ikikaa kwenye ukucha wako inatosha kuharibu. Ikikaa pale ambapo metali ilipaswa kuliwa, metali inabaki na nyaya mbili zinashikana: shoti. Ikikaa chini ya metali kisha ikang'oka nayo, waya unakatika. Kuna na mabaki ya silikoni, na elektrodi mbili za majirani zilizoungana hadi vijinukta viwili vinawaka pamoja kama pacha. Lakini karibu kila kitu nilichokiona kwenye darubini kilikuwa mtoto wa shoti au mtoto wa waya uliokatika.

Hapa ndipo kuna siri ya wakati. Kabla kioo hakijafunikwa, kila kitu kiko wazi na kinafikika. Kamera zinapita juu yake zikilinganisha pikseli na jirani yake. Kisha kuna jaribio la umeme: kila kijinukta kinachajiwa na mashine inasoma kama kimeshika chaji au imevuja. Orodha ya mabovu inakuja kwa mtu wa leza ikiwa na anwani kamili ya kila kimoja, safu mlalo na safu wima. Mashine inakupeleka pale yenyewe.

Shoti unaikata. Mpigo mmoja wa leza wa nanosekunde chache, metali ya ziada inageuka mvuke na nyaya zinaachana. Wachoraji wa paneli nzuri huacha makusudi sehemu nyembamba za kukata, ili usije ukachoma na visivyohusika. Waya uliokatika ni kazi tamu zaidi. Unapuliza juu yake gesi iliyobeba tungsteni, metali ile ile ya nyuzi za balbu za zamani, kisha unaielekezea leza. Leza inaivunja gesi pale tu inapogusa, tungsteni inabaki juu ya kioo, na wewe unalisogeza doa la mwanga taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine mpaka daraja linafika ng'ambo. Nilipenda sana kazi hiyo. Ukiimaliza vizuri, paneli inatoka kamili, hakuna atakayejua.

Mtaa_wa_Pangani

Manze hii ni noma. Kwa hivyo ukishachora hilo daraja, ni kama haikuwahi kukatika?

KiooKitupu

Kwa macho yako, ndiyo. Kwa darubini kovu linaonekana.

Shida inaanza kioo kikishafunikwa. Kioo cha pili, kile chenye vichujio vya rangi, kinalazwa juu ya kile cha transista, katikati kuna nafasi ya mikromita tatu au nne hivi, na humo ndimo iliko fuwele kioevu, inayopitisha au kuzuia mwanga. Gesi haiingii tena humo. Ila leza inapita kwenye kioo bila taabu, kwa hivyo yapo mambo mawili matatu bado yanawezekana.

La kwanza ni nyaya za akiba. Paneli nyingi huzungushiwa pembeni nyaya chache zisizo na kazi yoyote. Chukua waya wima wa data, unaopeleka habari za picha, uliokatika katikati: nusu ya juu inapata habari, nusu ya chini haipati, na mteja anaona mstari kutoka katikati kwenda chini. Unachomelea kwa leza pale waya huo unapopishana na waya wa akiba, juu na chini. Habari inazunguka pembeni ya paneli na kuingia kupitia mlango wa nyuma. Nyaya za akiba ni chache, kwa hivyo paneli yenye mistari mingi iliyokatika haina bahati.

La pili ndilo lile la kuua.

Mwalimu_Fizikia

Naomba niingilie. Kwa nini iuliwe iwe nyeusi? Mimi nikiwa na ukuta mweupe, nukta nyeusi inaonekana vizuri sana.

KiooKitupu

Swali zuri, mwalimu. Kwenye ukuta mweupe una haki. Lakini TV haionyeshi ukuta mweupe. Inaonyesha filamu, mechi, habari, na sehemu kubwa ya picha hizo ni giza au rangi za katikati. Kijinukta cheusi kikizungukwa na majirani wanaong'aa, mwanga wao unakimeza jichoni. Kijinukta kinachowaka katikati ya giza hakina wa kukimeza. Cha kijani ndicho kibaya kupita vyote kwa sababu jicho la binadamu linahisi kijani kuliko rangi nyingine. Kinyume chake, kijinukta cha buluu kilichokufa, mteja anaweza kukaa na TV hiyo mpaka anamrithisha mtoto asikijue.

Na ukubwa wenyewe fikiria. TV ya inchi 55 ya 4K, pikseli nzima ina upana wa milimita 0.315. Kijinukta ni theluthi ya hapo. Ukiwa kwenye kochi huwezi kukiona kikiwa cheusi. Kikiwaka kijani kwenye sinema ya usiku, utakiona kutoka jikoni.

Namna ya kukiua inategemea aina ya paneli, na hapa mwalimu utafurahi. Paneli za TN, zile za laptopu nyingi za zamani, bila umeme huwa zinapitisha mwanga. Transista ikifa, kijinukta kinabaki kinawaka. Ili kiwe cheusi lazima kipewe umeme wa kudumu, kwa hivyo unachomelea elektrodi yake kwenye waya wa geti (ule unaowasha transista), ambao karibu muda wote una volti mbali na zile za upande wa pili. Paneli za IPS na VA ni kinyume: bila umeme ni nyeusi. Hapo transista ikifa, kijinukta kinakufa chenyewe kimya kimya. Kikiwaka, ujue kuna umeme unaingia pasipotakiwa, au kuna uchafu umevuruga mpangilio wa fuwele. Dawa ya kwanza ni kukata njia ya umeme na kuiunganisha elektrodi na ile ya pamoja, tofauti ya volti iwe sifuri. Ikiwa ni uchafu, umeme hausaidii. Pale unachoma kichujio cha rangi chenyewe kwa leza hadi kiwe mkaa. Mwanga unafika, unakuta mlango umepigwa masizi.

Pwani_Nairobi

Mimi ni mtu wa Mombasa, nakaa Eastleigh. Laptopu yangu ilikuwa na nukta nyekundu, ami yangu akanambia niifinye kwa kidole polepole huku nawasha na kuzima. Wallahi ikaondoka. Baada ya muda ikarudi. Hii nayo ni mkaa?

KiooKitupu

Hapana, ndugu yangu. Nyekundu inayowaka bado iko hai, imekwama tu. Kukwama kunaweza kutokana na chembe au chaji iliyonasa, na wakati mwingine kufinya au kumetamesha rangi kunaisogeza. Ndiyo maana ikaondoka, na ndiyo maana ikarudi, kwa sababu chanzo hakikutoka. Nyeusi kabisa haifufuki kwa kidole wala kwa video. Na kufinya kuna hatari: zile mikromita tatu nilizotaja zinashikiliwa na vinguzo vidogo sana, ukikandamiza sana unaweza kuacha doa kubwa kuliko nukta uliyokuwa unaifukuza. Ulikuwa na bahati ya kidole chepesi.

FundiSita

Kaka, kwa heshima. Umeandika vizuri lakini unawavunja watu moyo. Mimi niko Luthuli miaka mingi na laini tunatengeneza. Laini ya wima, juu mpaka chini, mteja anakuja analia, jioni anarudi na TV yake safi. Sasa unasemaje ni kiwandani tu?

KiooKitupu

Fundi, hatupingani hata kidogo. Sikusema laini zote, nilisema kilichomo ndani ya kioo. Laini nyingi za wima mnazotengeneza hazina kosa ndani ya kioo. Ziko kwenye COF, ile riboni yenye chipu inayobeba data kutoka bodi hadi ukingoni mwa paneli. Imegundishwa kwa mkanda wenye chembe ndogo zinazopitisha umeme. Joto, unyevu au kugongwa kwenye lori, mguso unalegea, laini inatokea. Wewe unaipasha moto kwa mashine yako na kuibana upya, au unabadilisha COF nzima. Ni kazi halali na ya ustadi.

Na ile nyingine mnayoifanya, ya kuziba baadhi ya pini kwa selotepu ili picha irudi? Hapo fundi umekuwa mtu wa kiwanda bila kujua. Umeua sehemu inayovuruga ili nyingine zipone.

FundiSita

Hahaha. Sawa. Basi nijibu hili, linanisumbua. Nimebadilisha T-con, ile bodi inayoongoza picha kwenye paneli, kwenye TV ya 4K, bodi namba ile ile, kila kitu sawa. Picha imekuja lakini ina mawingu mawingu, kwenye kijivu inaonekana chafu. Ile T-con mbovu haikuwa na mawingu. Nimepigwa kwa bodi?

KiooKitupu

Pengine bodi ni nzima. Hii nimefurahi umeiuliza kwa sababu ni ndugu wa ukarabati wa pikseli na hapa mjini inawala watu pesa.

Mbali na nukta mbovu kuna kasoro wanayoiita mura, jina la Kijapani la kutolingana. Hakuna pikseli iliyokufa, ila eneo fulani ni jeusi kidogo au jeupe kidogo kuliko jirani, kwa sababu unene wa tabaka haukuwa sawasawa. Leza haina la kufanya hapo. Kiwanda kinaiwasha paneli kwa rangi ya kijivu, kamera kali inaipiga picha, na kompyuta inakokotoa ni sehemu gani iongezewe na ipi ipunguziwe. Takwimu hizo zinaandikwa kwenye chipu ndogo ya memori iliyo kwenye T-con au kwenye zile bodi nyembamba za ukingoni mwa paneli. Kila paneli na takwimu zake. Mawingu unayoyaona ni marekebisho ya paneli ya mtu mwingine yakipakwa juu ya paneli ya mteja wako.

Fanya hivi: kama T-con ya zamani bado unayo, tafuta chipu ya memori yenye miguu minane, ihamishie kwenye bodi mpya, au isome na programa, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, uinakili. Ikiwa data ya marekebisho iko humo, mawingu yatakwisha. Na kuanzia leo usimtupie mtu wa vyuma chakavu T-con ya 4K kabla hujaichomoa hiyo chipu.

FundiSita

Wacha nijaribu nirudi.

Karani_wa_Milimani

Mimi nataka upande wa haki. Kuna duka mjini, silitaji, liliniambia TV yenye nukta tatu ni "kawaida, iko ndani ya viwango". Viwango gani? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Sijaona mahali Katiba inapozungumzia pikseli.

KiooKitupu

Viwango vipo, ila muuzaji huenda hajavisoma. Mwaka 2001 ulitoka ule wa ISO 13406-2, wa shirika la kimataifa la viwango, uliozipanga paneli katika madaraja manne. Daraja la kwanza haliruhusu nukta mbovu hata moja. Daraja la pili, ambalo watengenezaji wengi walijipangia, liliruhusu kwa kila pikseli milioni moja: mbili zinazowaka daima, mbili zilizokufa, na vijinukta vitano vyenye kasoro. La tatu na la nne ni huruma zaidi kwa kiwanda. Mwaka 2008 nafasi yake ikachukuliwa na mfululizo wa ISO 9241, sehemu za kuanzia 300.

Angalia neno "kwa kila milioni". TV ndogo ya 1366 kwa 768 ina pikseli milioni moja na kidogo, kwa hivyo mbili, mbili, tano. Ukiipiga hesabu hiyo hiyo kwenye 4K, unapata zinazowaka kama 16. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekubali nukta 16 zinazowaka sebuleni kwake, na kampuni zenyewe zinajua, ndiyo maana nyingi zina sera zao za waranti kali kuliko hapo. Kwa hivyo usibishane na muuzaji kuhusu ISO. Omba karatasi ya waranti, soma sehemu ya pikseli, uliza inahesabu nukta ngapi na kama zile za katikati zinahesabiwa tofauti na za pembeni. Hayo ya Kifungu cha 46 wewe ndiye unayeyajua kuliko mimi, lakini nadhani utakuwa na nguvu zaidi ukiwa na risiti yenye tarehe na picha ulizopiga siku hiyo hiyo.

Mtaa_wa_Pangani

Sisi wa kununua laptopu za ex-UK, zilizotumika Uingereza, hatuna waranti, tuna namba ya simu ya muuzaji tu. Tufanyeje?

KiooKitupu

Pima kabla pesa haijatoka kwenye M-Pesa. Weka kwenye flash disk picha tano za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu. Nyeusi inafichua zinazowaka. Nyeupe inafichua zilizokufa. Zile tatu zinakwambia ni kijinukta gani. Mwambie muuzaji apunguze taa za duka au ufunike kioo na jaketi ukitazama ile nyeusi, asikuharakishe. Futa kioo kwanza, maana nimeona watu wakigombana juu ya kinyesi cha nzi.

Na kwenye TV, usikubali kuuziwa kwa ile video ya samaki na maua. Imetengenezwa kila kitu kitembee na kila rangi ing'ae, macho yako hayatapata nafasi ya kukamata nukta moja.

DadaWaUmoja

Na OLED je? Shemeji yangu ananiambia huko hakuna mambo haya kwa sababu kila nukta inajiwakia yenyewe.

KiooKitupu

Yapo, dada, na mengine ni magumu zaidi. Kwenye OLED matabaka yanayotoa mwanga, yote kwa pamoja, hayafiki hata mikromita moja. Chembe ikikaa humo, elektrodi ya juu inagusa ya chini, umeme wote unapita hapo na kijinukta kinazima. Leza inatumika kukata elektrodi ya juu kuzunguka ile chembe. Sehemu ndogo inabaki giza na iliyobaki ya kijinukta inawaka tena. Kwa hivyo kwenye OLED wakati mwingine wanafufua kweli, nikiri hilo.

Mwambie shemeji wako asubiri microLED ndiyo aone vituko. Huko kila kijinukta ni LED ndogo iliyotengenezwa mahali pengine na kuhamishiwa kwenye paneli. Kwa 4K ni karibu milioni 25. Mashine ya kuhamisha ikifaulu kwa asilimia 99.99, ambayo shuleni tungeita alama A, bado vijinukta karibu 2,500 ni vibovu. Asilimia 99.9999 bado ni kama 25. Ndiyo maana wachoraji huacha nafasi ya LED ya akiba karibu na ile kuu, au leza inang'oa mbovu na nyingine inabandikwa. Kwa maoni yangu, bei ya TV hizo haitashuka mpaka ukarabati uwe wa haraka kuliko kosa lenyewe.

Mwalimu_Fizikia

Lakini kibiashara, si rahisi zaidi kuitupa paneli mbovu?

KiooKitupu

Paneli ya simu ndogo huenda. Ya inchi 65 siyo. Kioo kimoja kinatoa nane tu. Ukitupa moja kwa sababu ya kijinukta kimoja, umetupa sehemu ya nane ya kioo chote, pamoja na umeme, kemikali na muda wa mashine za gharama kubwa. Mpigo wa leza unamalizika kabla hujapepesa. Hata mimi ningeua.

FundiSita

Nimerudi. Nimehamisha chipu. Mawingu yamekwisha kabisa, mteja amechukua TV yake. Ubarikiwe kaka.

Swali la mwisho. Naziona mashine za leza za kutengeneza vioo zinauzwa mtandaoni kutoka China. Nikichanga na wenzangu wawili tununue moja tuiweke Luthuli, si tutakuwa wa kwanza kuua pikseli hapa mjini?

KiooKitupu

Leza mtapata. Ramani ya paneli hamtapata. Kiwandani nilikuwa najua kila waya uko wapi, wapi pa kukata, wapi pa kuchomelea, kwa sababu mchoro ulikuwa kwenye skrini ya pili. Nyinyi mtapokea paneli za kampuni kumi tofauti bila mchoro hata mmoja, na mkikosea mikromita chache mmegeuza nukta kuwa laini, na TV si yenu. Kwa shoti za wazi na laini za pembeni mnaweza kujifunza kwa paneli zilizovunjika, zipo za bei ya kutupa. Hesabuni kwanza wateja wangapi watalipa kuondolewa nukta moja. Mimi nadhani ni wachache, pesa iko kwenye laini na taa za nyuma.

Mkiamua kununua, nunueni miwani kabla ya mashine, tena ile iliyoandikwa urefu wa mawimbi ya leza yenu. Nyingi ni za nanomita 1064, mwanga huo hauonekani, jicho linaungua bila kupepesa. Miwani ya jua ya soko la Gikomba haizuii kitu.

FundiSita

Nimekupata. Na nina hii ya inchi 43 hapa mezani, laini mbili za mlalo, hazina riboni upande wa pembeni kabisa. Nipashe wapi moto?

KiooKitupu

Hakuna pa kupasha. Hiyo saketi ya safu mlalo imechorwa ndani ya kioo chenyewe. Mpigie mwenye TV umwambie ukweli, kisha muulize kama atakuuzia taa za nyuma, bodi ya umeme na T-con. Hivyo bado vina mnunuzi.